Mizani ya Bi Saada na Betri Zangu Thelathini

Vijana mnaokuja kuniuliza habari za betri, kabla ya yote nikwambieni jambo moja: mimi ni mtu mwenye wivu. Wengine wakistaafu huanza kwa kusema walikuwa hodari, waaminifu, wapenda watu. Hodari nilikuwa, hilo hakuna anayelikataa. Lakini wivu umenitia hasara kuliko umeme wote uliopata kunipiga, na nikikufundisheni betri bila ya kukuelezeni wivu wangu, nitakuwa nimekufundisheni nusu.

Jina langu Mbarouk. Nimetengeneza redio na tochi katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini, tangu sijaota ndevu mpaka zikawa nyeupe. Kichochoro chenyewe ni chembamba. Skuta ikipita, waliokaa barazani hukunja miguu. Mkabala na mlango wangu, hatua sita tu, palikuwa na duka la sonara mmoja mzee. Alipofariki, binti yake, Bi Saada, akalifungua upya, akawa anauza tochi na betri. Vyombo vya baba yake aliviuza vyote isipokuwa mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Hiyo akaiweka juu ya meza, pale pale mlangoni, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Lazima muelewe mimi nilifundishwa na nani. Marehemu Fundi Kheri, Mungu amrehemu, alikuwa akipima betri kwa ulimi. Anashika waya mmoja chini ya betri, mwingine anaugusisha ulimini, anafumba macho, anasema, "Hii ina siku mbili." Na kweli, siku mbili. Betri ikichoka alikuwa akiianika juani, ikafufuka kidogo, mteja akasikiliza taarifa ya habari ya siku ile. Nyumba nyingi za hapa mjini zilikuwa na betri zimepangwa dirishani zinaota jua. Mimi nililelewa katika elimu hiyo, na niliiamini.

Sasa zikaja hizi betri za lithiamu, za kuchaji, fupi kidogo kuliko kidole cha shahada. Wateja wakaniletea tochi zao, betri zimekufa. Mimi nikafanya nilichofundishwa. Nikazipanga betri saba juu ya sinia ya bati, nikaziweka barazani, jua la saa saba mchana.

Bi Saada akavuka kichochoro.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Samahani, Fundi. Hizi betri umezianika?"

"Nimezianika. Kwani kuna nini?"

"Hizi si makopa ya muhogo, Fundi. Zikipata joto zinavimba, na mwisho zinaripuka."

Akaichukua sinia kwa mikono yake mwenyewe, akaiingiza kivulini. Wanywa kahawa walikuwa wamejaa barazani, na mmoja wao alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Tangu siku ile, kila apitaye ananiuliza, "Fundi, makopa yameshakauka?" Kumbe betri mbili zilikuwa zimeshaanza kufura. Mwanamke yule alikuwa ameniokoa, na mimi sikumshukuru. Angeniambia mwanamume aliyenizidi umri, ningemshika mkono. Lakini alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na alikuwa sawa, na mambo hayo mawili pamoja sikuweza kuyameza.

Basi shikeni hilo kwanza: betri ya lithiamu haitaki jua, haitaki joto la gari lililofungwa vioo, na ikivimba haina dawa. Msiitoboe, msiibonyeze irudi. Muitoe nje, mbali na kitu cha kuungua. Na msiitie mfukoni pamoja na funguo. Mimi niliitia mfuko wa kanzu pamoja na funguo za duka, nikaenda harusini Mbweni. Chuma kikaunganisha pande mbili za betri, ikapata moto, nikaruka katikati ya watu. Bibi mmoja akasema nimepandisha shetani, akataka kuniletea ubani.

Turudi kwenye mizani. Bi Saada alikuwa na mtindo wake. Mteja akitaka betri, hampi. Anamwambia, "Iweke mwenyewe." Mteja anaiweka juu ya mizani, wanasoma pamoja. Betri ya kweli ya ukubwa ule ina gramu arobaini na tano hivi. Ya ulaghai huwa nyepesi, thelathini, pengine chini yake, kwa sababu ndani ya kopo kubwa wametia kijibetri kidogo. Ikiwa nyepesi, Bi Saada anaitupa kwenye ndoo ya mchanga mbele ya mteja na kuchukua nyingine. Watu walipenda kuona. Walikuja hata kutoka Kiembe Samaki na Fumba, wanajazana mlangoni kwake, wananigeuzia migongo mimi niliyekaa pale miaka yote. Nilikuwa nikikaa na chuma changu cha kulehemu mkononi, sina cha kulehemu, nasikiliza sifa za jirani.

Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo, tena nyingi, na kila siku naongeza nyingine. Salamu yake ya asubuhi iliniudhi kwa adabu yake. Skuta yake iliniudhi kwa kuwa haiharibiki. Siku moja umeme umekatika nyumbani, mke wangu akawasha tochi, ikaangaza ukumbi mzima. Nikaifungua. Betri si ya dukani kwangu.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa Bi Saada. Inakaa na chaji."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mume wangu," akanijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Siku ya pili nikanunua mizani, ile ya jikoni ya kupimia unga, nikaificha chini ya meza. Nikawa napima kwa siri, mgongo nimeuelekeza mlangoni. Niliona nimeshaupata ujuzi wake wote, kwa kumchungulia tu kutoka upande wa pili wa kichochoro. Kwenda kumuuliza? Hatua sita zile zilikuwa mbali kwangu kuliko Pemba.

Nina dada yangu mkubwa, Mwanakombo, ameolewa Makunduchi. Yeye na wenzake ni kikundi cha wanawake wanaochokoa pweza miambani, na mara nyingi maji hukupwa kabla jua halijatoka, kwa hiyo wanahitaji tochi za kichwani. Wakakubaliana wanunue thelathini kwa pamoja. Mwanakombo akaja mjini, akapita kwangu kunisalimia, kisha nikamuona anatazama upande wa pili.

"Unakwenda wapi?"

"Wenzangu wameniambia nnunue kwa yule mwanamke wa mizani."

Dada yangu! Aliyenibeba mgongoni! Roho iliniuma mpaka nikasikia uchungu mdomoni.

"Hata mimi nnayo mizani," nikamwambia, nikaitoa chini ya meza. "Na nitakupa kwa bei ndogo kuliko yeye."

Mwanakombo akacheka kwa furaha, maskini, akafikiri ni mapenzi ya ndugu.

Nikaenda kwa mchuuzi mmoja wa jumla aliyekuwa akipita na maboksi maeneo ya Darajani. Akanionyesha betri rahisi zinang'aa, juu yake zimeandikwa namba kubwa, elfu tisa mia tisa. Sasa sikilizeni vizuri. Namba ile ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba, na betri ya ukubwa ule, hata iliyotengenezwa na mabingwa, huishia elfu tatu na kitu. Anayeandika elfu tisa anakwambia mbuzi wake anatoa pishi kumi za maziwa. Nililijua hilo. Nililijua kama nijuavyo jina langu. Lakini nilikuwa nimeshaahidi bei ndogo, na nilitaka Bi Saada anione nikifunga mzigo wa tochi thelathini.

Nikazipima. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Roho ikapoa. Nikasema, namba waandike wanavyotaka, uzito haudanganyi. Safari hii sikujificha, mizani niliitoa barazani, na kila betri niliitangaza kwa sauti ya mnadi: "Arobaini na tanooo!" Wanywa kahawa wakaitikia. Bi Saada akanyanyua kichwa. Akatoka mpaka kizingitini kwake, akasimama.

"Fundi," akaniita.

"Leo nna kazi nyingi, Bi Saada."

Akarudi ndani.

Hazikupita wiki tatu, mtoto wa Mwanakombo akanipigia simu. "Mjomba, betri imeripuka. Imemuunguza mama."

Ilikuwa baada ya Alasiri. Dada yangu amekaa mkekani anasuka ukili, betri inachajiwa ubavuni mwake, juu ya mkeka huo huo. Akasikia kitu kinatoa sauti ya mafuta ya kukaangia, na kabla hajageuka, moto umeshatoka. Kanga ikashika, mkono ukaungua kutoka kifundoni mpaka kiwikoni. Mtoto akammwagia maji ndoo nzima, akamuwahisha hospitali. Nilipofika nilimkuta amefungwa bendeji, uso umesawijika. Nilitaraji atanilaumu.

"Labda mimi nilikosea kuichaji, Mbarouk," akaniambia. "Usihuzunike."

Wanangu, nimepigwa na umeme, nimepigwa na Fundi Kheri kwa kamba ya redio. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Maana nyumba ishirini na tisa za kijiji kile zilikuwa na betri zangu, zinachajiwa mikekani, karibu na watoto waliolala. Nilikuwa nimezipeleka kwa mkono wangu, na ilikuwa lazima nizitoe kabla hazijamuunguza mwengine.

Nikawaendea wale wanawake siku ile ile. Nikawaambia zirudisheni, mbovu. Mkubwa wao, Bi Mize, mwanamke mrefu anayesema na watu kama anayewaita kutoka miambani, akanitazama juu mpaka chini.

"Zetu zinawaka, Fundi. Dagaa mmoja akioza hatumwagi tenga zima."

"Zinaweza kuripuka."

"Miamba inafunguliwa baada ya siku nne. Tumefunga miezi yote hii pweza wakue, leo tukupe tochi zetu? Tutakwendea nini, macho ya paka?"

Wenzake wakacheka. Nikasihi, nikaapa. Wakaniona mtu anayetaka kuzichukua akaziuze tena. Hata Bi Mize akanipa neno la kunimaliza: "Angesema yule mwanamke wa mizani, tungesikia. Yeye ndiye anayejua."

Nilirudi mjini. Asubuhi nikafungua duka, nikasimama mlangoni. Hatua sita. Nikavuka tatu, nikajifanya naokota kitu, nikarudi. Mara ya pili nikafika.

"Bi Saada."

"Naam, Fundi."

"Nna shida. Dada yangu ameungua."

Hakuniuliza ameunguaje. Alijua. Alichoniuliza ni kama betri zilizobaki zina chaji. Akaniambia nipige simu Makunduchi, wazichaji leo hii mchana, nje, juu ya jiwe, mtu akizitazama, zikishajaa wazichomoe na wasiziwashe mpaka kesho. "Waambie mizani itakuja," akasema. Wakakubali kwa ajili ya mizani. Kesho yake akafunga duka lake, akaifunga mizani ya baba yake katika mtandio, tukaenda kwa gari ya mpwa wangu.

Wanawake walikusanyika uani kwa Mwanakombo. Bi Saada akaweka mizani juu ya kinu kilichogeuzwa, akamwita Bi Mize aweke betri yake mwenyewe. Arobaini na tano. Akaja wa pili, arobaini na nne. Wa tatu, arobaini na tano. Minong'ono ikaanza, kisha vicheko, na mmoja akapiga kigelegele.

"Si mnaona! Betri za Fundi nzima!"

Hapa nitakwambieni jambo ambalo sijapata kumwambia mke wangu. Nilifurahi. Dada yangu amekaa pembeni, mkono umefungwa bendeji, na mimi moyo wangu unaruka kwa furaha kwamba mizani ya Bi Saada imeshindwa mbele za watu. Furaha hiyo haikufika dakika moja, lakini ilikuwapo, na nililijua jina lake.

Bi Saada hakubabaika. "Mizani ni salamu tu," akasema. "Bado hatujazungumza na betri."

Akaomba ile iliyoripuka. Mtoto wa Mwanakombo alikuwa ameiweka kwenye kopo. Bi Saada akaigeuza juu ya sahani nyeupe, akaigongagonga. Ukatoka mchanga. Mchanga mweusi kwa moshi, umejaa sahani, na katikati yake kijibetri kilichoungua, kidogo, hakikuzidi kile cha rimoti ya televisheni.

"Wamejua watu siku hizi wanapima," akasema. "Wametia mchanga ili uzito utimie."

Akachukua moja iliyokuwa nzima, akaitikisa karibu na sikio la Bi Mize. Bi Mize akakunja uso. Akaichukua mwenyewe, akaitikisa tena. Kisha Bi Saada akatoa mita yake. Betri nzuri ikishajaa husoma volti nne na ushei kidogo, na ukiiacha mpaka kesho inasoma vile vile. Zile zilikuwa zimejazwa jana tu, na nyingi zilikuwa zimeshashuka karibu na tatu bila ya kuwashwa. "Hii ina maradhi ndani," akasema kila mara, akaiweka upande. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama. Haya ya kutikisa, ya kujaza, ya kuilaza na kupima tena, alikuwa akiyafanya chumba cha ndani, ambako jicho langu la wivu halikufika. Kutoka barazani kwangu niliiona mizani tu.

Bi Mize akanigeukia. "Na huyu fundi wenu wa mjini, kwa nini katuletea mchanga? Mchanga hatuna?"

Nikainamisha kichwa. Nikamsubiri Bi Saada anizike. Haki yake, ningekuwa mimi ningemzika.

"Fundi kafanya kosa langu," akasema. "Mimi nilipofungua duka niliuza betri za mchanga hizi hizi. Nilikuwa napima uzito tu, najiona nimemaliza. Nilipokuja kujua, niliona haya. Sikumfuata mteja hata mmoja. Sijui ziko nyumba gani mpaka leo, na kila nikisikia nyumba imeungua moyo unanipasuka. Fundi kazifuata. Mpeni."

Wakaanza kuzileta mmoja mmoja, wanazitia kwenye ndoo ya mchanga. Bi Mize alileta ya mwisho. Aliishika mkononi kwa muda, akaitikisa sikioni mara moja tena, akaitumbukiza. Zikawa ishirini na tisa. Siku mbili zilizofuata mimi na Bi Saada tulikaa dukani kwake, yeye anapima betri mpya, mimi nabadilisha chaja za zile tochi, maana zilikuwa chaja zisizojua kukata betri ikijaa. Siku ya kufunguliwa miamba wanawake wote waliingia baharini na taa vichwani, isipokuwa dada yangu.

Mnafikiri wivu ulikwisha? Tukiwa njiani kurudi kutoka Makunduchi nilikuwa namuonea wivu tena. Mbele ya wanawake thelathini alikiri kosa lake kwa sauti isiyotetemeka, na mimi mwenye kosa nilikuwa natazama vidole vya miguu. Nilikaa na hilo mpaka tukafika Tunguu, ndipo nikamuuliza.

"Siku ile nilipokuwa nikinadi arobaini na tano, ulitoka mlangoni. Ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka kukwambia uzitikise."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema una kazi nyingi, Fundi."



Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena nyuzi nyembamba, duka langu linauza viungo kwa watalii. Jioni navuka hatua sita, nakaa barazani kwa Bi Saada, na nyinyi mkija kuniuliza mnanikuta hapo. Chajini betri nje ya chumba cha kulala, juu ya sakafu au jiwe, mkiwa macho. Msichanganye ya zamani na mpya. Namba kubwa msiiamini. Na mkimuona mwenzenu anafanya kazi vizuri kuliko nyinyi, vukeni mkamuulize siku hiyo hiyo, kabla wivu haujakufunzeni nusu ya kazi yake. Lakini nikiwapo, tafadhalini, msimsifu sana. Mimi bado ni yule yule.

Wiki iliyopita Mwanakombo alikuja mjini. Mkono umepona, ngozi imebaki na kovu linalong'aa mpaka kiwikoni. Akanisalimia mimi kwanza, akanipa mkoba wake nimshikie, akaingia kununua betri. Bi Saada akaipima, akaitia mita, akampa. Dada yangu hakuipokea hivi hivi. Aliinyanyua kwa mkono ule wenye kovu, akaitikisa sikioni kwake, kisha akaileta sikioni kwangu.

"Sikiliza na wewe."

Nikasikiliza. Kimya, hakuna hata punje. Na wivu ukanikaba palepale, kwa kuwa ilikuwa betri nzuri, na haikuwa yangu.